Siku 21 za Kuzaliwa Upya
Mwaka 1960 Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa urembo wa Marekani, aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuizoea sura mpya. Alikuwa akizungumzia pua. Wahamasishaji wakaidaka namba, “angalau” ikadondoka njiani, na leo kwa kiingilio cha ukumbi wa hoteli, pamoja na soda, sambusa mbili na cheti chenye jina lako lililokosewa herufi, unaahidiwa tabia mpya kabla mwezi haujaandama. Watafiti wa London waliowafuatilia watu 96 wakijijengea mazoea, mengine mepesi kama kunywa maji wakati wa chakula cha mchana, walipata wastani wa siku 66, na makadirio ya kuanzia 18 hadi 254. Hapo bado hatujagusa mazoea magumu, kama kulipa deni la kikoba.

Utaambiwa watu wanahitaji hamasa, na wapo waliobadilika kweli. Sikatai. Aliyejifunza kushona, au kunyamaza akikasirika, amejiendeleza, na wa nyumbani kwake wanaliona hilo bila cheti. Ila mteja aliyeiva hamfai muuzaji, maana hatarudi kwenye semina ya “ngazi ya juu”. Ndiyo maana ukishindwa, kosa ni lako: hukuamini vya kutosha. Nauli imepanda, mshahara umechelewa? Mawazo hasi hayo. Lakini mwulize mhamasishaji kama kiingilio kinarudishwa. Ghafla ataanza kukusomea masharti yaliyo nyuma ya tiketi.