Gabbar Singh Kafa Mara Ngapi?

Picha mpya hutazamwa kwa macho, ya zamani hutazamwa kwa mdomo. Ukikaa na watu walioiona wakiwa vijana, sahau habari ya kusikia waigizaji wanasema nini. Utawasikia wenzako. "Mwangalie huyu, sasa hivi anapigwa mtama." "Bado, ngoja kwanza apande juu ya tangi la maji." "Huyo kijana mmemwona? Basi muageni." Hakuna anayeona haya kutoboa siri, maana siri yenyewe ilishatoboka tangu enzi za foleni za sukari.

Sisi wagonjwa wa picha za zamani hukutana kwa Shangazi, kwa kuwa televisheni yake ni kubwa na yeye mwenyewe hapendi kutoka. Kundi halina jina wala katiba. Yupo Fundi, jirani yetu mshona nguo. Yupo Mwalimu, aliyestaafu kufundisha hesabu lakini hajastaafu kusahihisha watu. Nipo mimi. Na yupo mpwa wangu, kijana wa mitambo, ambaye huitwa aje kuchomeka waya, akimaliza huambiwa akae kimya.

Kwa Shangazi, sinema ilianza na Raj Kapoor ikaisha na Nargis. Awaara ya mwaka 1951 anaijua kikohozi kwa kikohozi, na kila mara tutakumbushwa kwamba yule hakimu mwenye roho ngumu, babake stelingi, ndiye baba mzazi hasa wa Raj Kapoor, Mzee Prithviraj. Lakini silaha yake kubwa ni Mother India ya mwaka 1957. Humo Nargis ni mama anayempiga risasi mwanawe wa kumzaa, Birju, ili kulinda heshima ya kijiji. Aliyemwigiza Birju ni Sunil Dutt. Mama na mwana wote walizaliwa mwaka 1929, na miezi michache baada ya picha kutoka, wakaoana.

"Kamuua kwenye picha, kapika chai yake nyumbani," husema Shangazi akiwa ameisimamisha picha kwa rimoti. "Halafu mnaniletea habari za Sholay."

Sisi hatuna jibu, ila habari za Sholay tunaleta vilevile.

Kwa vijana ambao hawakubahatika: Sholay ilitoka India tarehe 15 Agosti 1975, ikaongozwa na Ramesh Sippy, na ina urefu wa zaidi ya saa tatu. Yupo Thakur, afisa wa polisi mstaafu, ambaye familia yake imechinjwa na jambazi aitwaye Gabbar Singh. Thakur anawakodi wezi wawili, Veeru na Jai, yaani Dharmendra na Amitabh Bachchan, wamletee Gabbar akiwa hai. Jai ana sarafu yake ya kuamulia mambo: wakikwama wanairusha, na matokeo hayapingwi. Hadi anakufa ndipo Veeru anagundua kwamba sarafu ile ina sura moja pande zote mbili. Jai alikuwa akijichagulia yeye mwenyewe kila mara, tena kila mara akijichagulia la hatari.

Ugomvi wetu hauko hapo. Ugomvi uko mwisho wa picha: Gabbar aliishiaje?

Fundi aliiona Sholay kwenye jumba la sinema hasa, katikati ya Dar es Salaam, siku ambazo Avalon, Empress na Odeon zilikuwa zikijaa, na walanguzi wa tiketi walivaa pekosi zilizonyooka kuliko za karani wa benki. Anasema Thakur alimtia Gabbar mikononi, au tuseme miguuni, maana mikono hana, na alipotaka kummaliza, polisi wakatokea wakamzuia na kumchukua mtu wao. Mwalimu yeye aliiona kwenye mkanda wa video, sebuleni kwa shemeji yake, kabla Bara hatujapata vituo vya televisheni mwaka 1994, wakati mwenye deki alikuwa na haki ya kuchagua nani akae kwenye kochi na nani achungulie dirishani. Yeye anasema polisi gani? Thakur alivaa viatu vya misumari akamkanyaga Gabbar hadi akakata roho.

Ubishi huu umeharibu arusi mbili tatu na matanga kadhaa. Nimewahi kuwasikia wakiuendeleza makaburini, kwa sauti ya chini, wakisubiri zamu ya koleo. Mwishowe Shangazi akachoka, akatoa amri: picha itazamwe upya, nyumbani kwake, mbele ya mashahidi, na atakayeshindwa atanunua kuku na mchele wa pilau kwa wote.

Mpwa wangu akaleta flashi. Alama ya studio ilipopita, ikasikika sauti ya mtu anayejisafisha koo, kisha: "Karibuni tena watazamaji wangu wapenzi, leo ni leo!" Kumbe kijana alikuwa amechukua nakala iliyotafsiriwa.

Sina ugomvi na tafsiri. Watoto wengi wa Dar walikulia kwenye vibanda umiza wakimsikiliza Lufufu, na jirani zetu Kenya wana DJ Afro, anayeweza kuifanya picha mbovu iwe tamu kwa mdomo wake tu. Ila mtafsiri wetu wa usiku ule, ambaye sitamtaja, nadhani alikuwa akiiona Sholay kwa mara ya kwanza kama watazamaji wake. Veeru na Jai aliwabatiza Juma na Roja. Sasa, Thakur sehemu kubwa ya picha amejifunika shali, na sababu yake hufichuliwa katikati: Gabbar alimkata mikono yote miwili. Mtafsiri hakuwa na habari. Kila Thakur alipotokea, yeye alitufafanulia: "Huyu mzee ana homa ya vipindi, ndiyo maana kajifunika shuka." Ikafika Thakur akashindwa kumrushia bunduki mtu aliyekuwa anauawa mbele yake: "Homa imempanda, hawezi hata kunyanyua mkono." Kisha upepo ukaipeperusha shali, mikono ikawa haipo. Mtafsiri alinyamaza kwa muda, tukasikia kiti chake kikilia. "Naam," akasema, "homa hii, jamani, ni mbaya."

Fundi alicheka hadi akateleza kutoka kwenye kochi. Mwalimu akataka flashi ichomolewe kwa jina la elimu.

Nakala ya pili ilikuwa ya Kihindi chenyewe, na maandishi ya Kiingereza kwa chini. Maandishi hayo hatukuyaona. Mbele ya televisheni ya Shangazi pamepangwa maua ya plastiki, zawadi ya kipaimara cha binti wa jirani yake mpendwa, na hayasogezwi kwa sababu yoyote, hata iwe Sholay. Tukabaki tunamtegemea Mwalimu, anayedai Kihindi kinapanda. Kinapanda kweli, mradi watu wazungumzie mapenzi, damu, mama au Mungu. Mazungumzo yakihamia kwenye bei ya farasi, Mwalimu hukohoa na kuomba maji.

Zikaja nyimbo. Mpwa wangu, ambaye kizazi chake hukiona chochote kinachozidi dakika mbili kuwa mateso, akataka kuzipeleka mbele. Shangazi akampokonya rimoti, akaikalia. Hilo lilikuwa jambo la busara kwa saa moja hivi. Lakini ikafika ile sehemu ya kisa cha zamani, Thakur amefungwa kwenye nguzo mbili, mikono imetandazwa, Gabbar kashika mapanga na kuyainua juu, chumba kizima kimeshika pumzi, hata paka. Shangazi akajisogeza kidogo apate kuona vizuri. Tukajikuta tunatazama kipindi cha ukulima wa korosho.

Afisa ugani alikuwa anaeleza namna ya kupulizia salfa. Aliyeeleza kwa utulivu kama ule nikiwa na hasira kama ile sijawahi kumwona. Kurudi kwenye Sholay kulihitaji kwanza Shangazi anyanyuke, na Shangazi kunyanyuka kuna hatua zake. Tulipofika, mikono ilishakwenda.

Katikati ya hayo mpwa wangu alikuwa kwenye simu, na vijana wana ubaya huu wa kuangalia mambo. "Shikamooni tena," akasema, "hivi mnajua huyu Thakur wenu, Sanjeev Kumar, kazaliwa mwaka 1938? Hapa ana miaka thelathini na kitu. Dharmendra anayemwita mzee kazaliwa 1935." Mwalimu akavua miwani. Miaka yote tumemheshimu Thakur kwa mvi zake, tumemwiga anavyotembea, Fundi amemshonea mkwewe vazi kama lake, kumbe ni kijana aliyepakwa rangi kichwani! Tena huyo Radha mjane, ambaye Jai anampenda kwa mbali bila kumgusa hata kidole, alikuwa mkewe Amitabh wa ndoa tangu mwaka 1973. Shangazi akaitikia kwa kichwa kama mtu ambaye Nargis alishamwandaa kwa lolote.

Kifo cha Jai ni mtihani mwingine. Sisi tulilelewa kwa sheria moja: stelingi hafi. Adui atafyatua risasi za kumaliza kijiji, stelingi atajikunguta vumbi. Sholay ikaivunja sheria mchana kweupe, na nasikia mpaka leo kuna watu waliotoka ukumbini kudai nauli zao. Fundi ana utetezi wake: picha ina mastelingi wawili, mmoja amepona, kwa hiyo sheria imetimia kwa nusu, na nusu inatosha kisheria. Aliusema utetezi huo akifuta macho, akilalamikia moshi. Jiko la Shangazi ni la gesi.

Basi ikafika. Thakur na Gabbar uso kwa uso, Veeru kasogea pembeni. Thakur anapiga mateke, Gabbar anaviringika, mpwa wangu anasema anaona kitu kama viwiko ndani ya shati la Thakur, sote tunamwambia anyamaze. Thakur ananyanyua mguu kwa pigo la mwisho. Polisi hao. Wanamsihi awaachie sheria, Gabbar anatiwa pingu.

Fundi alisimama. Hakusema neno, alipita akitushika mikono mmoja mmoja kama mwenye arusi, na alipomfikia Mwalimu akamshika kwa mikono miwili.

"Nakala imechakachuliwa," Mwalimu akasema.

"Mwalimu mwenzetu, kubali yaishe."

"Imechakachuliwa, bwana! Mimi nimeviona viatu!"

Hapo ndipo mpwa wangu, ambaye tungepaswa kumfukuza tangu wakati wa Sanjeev Kumar, akasoma tena simu yake kwa sauti. Kwamba Sippy alipiga mwisho wa aina ile ile anayoisema Mwalimu. Kwamba mwaka ule wa 1975 India ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa na Indira Gandhi, na bodi ya ukaguzi wa filamu haikupenda kuona afisa wa polisi, hata mstaafu, akijichukulia sheria mkononi, au mguuni. Ikabidi mwisho upigwe upya, polisi waingizwe. Mwisho wa kwanza ukaja kupenya baadaye kwenye video, na mwaka 2025 picha nzima iliyokarabatiwa, na mwisho wake wa asili, ilionyeshwa uwanjani Bologna, Italia. Akatafuta kipande chenyewe akatuwekea: mtumishi Ramlal anapigilia misumari kwenye soli, Thakur anakanyaga, Gabbar anakwenda. Baada ya hapo Thakur analia kama mtoto.

Sasa ilikuwa zamu ya Mwalimu kutushika mikono.

Niseme langu. Mwisho wa polisi ni wa kihuni. Umemweka mtu saa tatu, umemwonyesha familia iliyolala chini ya shuka, umemkata mzee mikono, halafu unamletea semina ya utawala bora? Lakini yale machozi ya Thakur kwenye mwisho wa misumari yananiambia Sippy alijua kisasi hakimrudishi mtu. Bodi haikuisoma picha hadi mwisho, ilihesabu maiti tu. Nililisema hili kwa ufasaha mkubwa, na hakuna aliyenisikiliza, kwa sababu Fundi na Mwalimu walikuwa wameshahamia kwenye kuku.

Fundi alishikilia kwamba picha ni ile iliyolipiwa tiketi. Kilichobaki kabatini kwa Sippy ni mazoezi. Mwalimu akashikilia kwamba mtoto ni wa aliyemzaa, si wa askari aliyempeleka kituoni. Wote wameshinda, na pilau haina mnunuzi. Shangazi kutoka jikoni akatangaza kwamba mchele ameshauloweka, hivyo ubishi una muda wa kufikia mchele kulainika.

"Turushe shilingi," Mwalimu akasema, akaingiza mkono mfukoni na kutoa sarafu ya mia mbili. Fundi akakubali haraka.

Shangazi akatoka jikoni, mkono mmoja una kitunguu, mwingine ameukunjua mbele ya Mwalimu.

"Lete kwanza hiyo sarafu niione," akasema. "Pande zote mbili."