Pesa Haihesabiki, Kasema Ticha

Jamani, hiki Kiingereza nani alitutuma? Bosi wetu kaamka na lake: madereva wote wanaobeba wageni lazima wajue Kiingereza cha kueleweka, mwezi ujao usaili. Mimi miaka yote wageni nawaendesha kwa "yes", "no" na "no problem". Hakuna aliyewahi kuruka dirishani. Leo eti haitoshi.

Mke wangu kanitafutia tuisheni ya bei poa. Hakusema ni ya prifomu wani. Nafika, nakuta watoto waliomaliza la saba juzi tu, wamebanana kwenye mabenchi. Nakaa, magoti yananifika kidevuni. Na ticha mwenyewe? Dogo wa mtaani kwetu, yule niliyekuwa namtuma sigara, chenji anakula. Mlangoni ananipa shikamoo, naitikia marahaba kwa sauti nzito. Akivuka kizingiti tu, nasimama na watoto: "Good evening, teacher!" Na sikai mpaka aseme.

Tukaanza na vitenzi. Sisi ukishaijua "li" umemaliza kazi: nilikula, nililala, nilikopa. Wenzetu "go" ikifika jana inageuka "went". Imetokea wapi hiyo? "Buy" inakuwa "bought", na katikati humo kuna g na h hazitamkwi, zimekaa tu kama askari kanzu waliopanda daladala bure. Halafu "cut" ya leo ni "cut", ya jana "cut", ya mwaka juzi "cut". Mbona hiyo waliiweza? Kuna kingine, "be", kina sura nane: be, am, is, are, was, were, been, being. Nane! Mtaani kwetu mtu mwenye majina nane anatafutwa na polisi.

Hayo nikameza. Kilichonitoa jasho ni "many" na "much". Ticha kasema vinavyohesabika ni "many", visivyohesabika ni "much". Maharage "many". Mchele "much". Sawa, nani akahesabu punje za mchele? Ingawa maharage nayo sijui nani huyahesabu. Labda mke wangu, tarehe za ishirini na kitu. Tukafika kwenye "money". Haihesabiki, kasema ticha. Nikanyoosha kidole. Haihesabiki kwa nani? Mimi ya kwangu naihesabu ikiwa mfukoni, gizani, kwa kupapasa, bila kuitoa. Kanijibu kwamba shilingi ndizo zinazohesabika, "money" hapana. Nikabaki mdomo wazi. Katoto ka kike pembeni kakanivuta shati: "Babu, andika tu."

Nikaandika. Kumbe bado. Ukisema una "little money", hapo ni sawa na huna. Ila chomeka ka-"a" mbele, "a little money", basi unacho cha kusogeza siku. Kaherufi kamoja tu! Miaka yote hii nasingizia uchumi, kumbe nilichokosa ni "a".

Vishazi nisikuchoshe. Kishazi huru kinajitegemea, kishazi tegemezi hakisimami mpaka kipate mwenzake. Ticha kaniomba mfano. Nikasimama, nikakohoa: "If my wife agrees." Nikakaa. Kasema malizia, mzee, watu wanasubiri. Nikamwambia mwanangu, mimi mamlaka yangu yanaishia hapo, sehemu iliyobaki anasema mwenyewe mama watoto. Watoto wakacheka mpaka benchi likayumba. Sikuwa natania.

Ijumaa ikawa siku ya ada. Ticha akapita benchi kwa benchi. Nikampa noti zangu nimezikunja vizuri, nikaangalia ukutani. Yeye huyo huyo wa "haihesabiki" akalamba kidole, akahesabu. Akazigeuza, akahesabu tena, taratibu, darasa zima kimya linamfuatisha kwa midomo. Halafu akaniambia kwa Kiswahili kilichonyooka:

"Mzee, bado elfu mbili."