Kwa Mamlaka Husika: Mimi ni Mama, Si Bibi

Mama Kitindamimba,
Isevya,
TABORA.

Mamlaka Husika,
Popote Ulipo.

YAH: OMBI LA KUTAMBULIWA KUWA MAMA WA MWANANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa kuwa umri wako siujui, na nimejifunza kwa shida kwamba mbele ya watendaji wako umri wa mtu haulingani na mwaka aliozaliwa. Tangu usichana wangu nakusikia redioni. Daraja likizolewa na mvua, mamlaka husika inaombwa. Dawa zikiisha, mamlaka husika inaombwa tena. Nimekutafuta Isevya nzima, nikauliza hadi Ng'ambo na Gongoni, sikupata mtu anayeijua ofisi yako, kibao chako, wala mlinzi wa getini kwako. Ndiyo maana barua hii ni ya wazi. Ya bahasha ningeipeleka wapi?

Nina miaka 57. Kitindamimba wangu nilimpata nikiwa na 45, kaka zake wameshaanza kunyoa ndevu, na mimi nikidhani kile kichefuchefu ni malaria. Leo binti ana miaka 12. Amenipita urefu kwa vidole vinne, viatu vyangu anavivaa bila kuomba, na usiku akisikia fisi wa kwenye hadithi ananifuata kitandani. Yaani ni mkubwa asubuhi na mdogo jioni. Hilo halinisumbui, wote waliopita umri huo walikuwa hivyo. Kinachonisumbua ni wewe.

Likizo ya Juni tulikwenda Ujiji, Kigoma, kwa dada yangu. Alfajiri tukapanda bodaboda, mishikaki, mimi katikati na mfuko wa matobolwa mapajani. (Wazee wanasema jina la mji wetu limetokana na hayo matobolwa, kwa hiyo nilikuwa nimebeba Tabora nzima.) Kijana wa bodaboda akasema mtoto hahesabiki, kisha akatoza watu wawili. Nikanyamaza, kulikuwa bado giza.

Stendi, karani wa tiketi hakuuliza binti amezaliwa lini. Alisimama, akampima kwa bega lake mwenyewe. "Huyu nauli kamili, bibi. Ukitaka asilipe, mpakate."

Nikamtazama binti, naye akanitazama. Kutoka Tabora hadi Kigoma, Mamlaka! Magoti yangu yana miaka 57, na la kushoto nadhani lilizaliwa kabla yangu. Nikalipa nauli kamili, mtoto akawa mtu mzima kwa tiketi.

Utu uzima wake haukufika mbali. Urambo wakapanda abiria wa njiani, ambao kwa kanuni zako hawapo, kwa hiyo na mimi sikuwaona. Kondakta akamgusa binti begani: "We mtoto, inuka, mpishe mkubwa wako akae."

Binti akainuka, maana amelelewa. Lakini akasema, "Mjomba, mimi nimelipa kama mtu mzima. Mbona nasimama kama mtoto?" Basi zima likacheka. Kondakta, kwa kukosa jibu, akanigeukia mimi: "Bibi, mfundishe mjukuu wako adabu."

Nisaidie hesabu hapa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kanuni ya Adhabu inasema aliye chini ya 10 hana jinai. Hata treni mpya ya umeme, ambayo sisi wa Tabora bado tunaisubiri, nauli yake ya daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ilipangwa kuwa shilingi 15,500 kwa mwenye miaka 4 hadi 12, na 31,000 kwa aliyezidi hapo. Halafu kuna ile Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliyomwona msichana wa miaka 15 kuwa tayari kuolewa, mpaka Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zikasema hapana. Nashukuru zilisema hapana. Ila uone mwenyewe: utoto wa binti yangu unakatwa mapema palipo na malipo, na unarefushwa pale anapotaka kukaa, kuuliza au kuchagua.

Kwangu mimi umefanya kinyume. Mwezi wa tatu nilikwenda kutibiwa hilo goti. Nikiwa kwenye foleni, kijana mwenye heshima zake akanishika mkono: "Shikamoo bibi, usisimame hapa, nenda dirisha la wazee." Nikaenda, nikifurahi kimoyomoyo. Yule wa dirishani akasoma kitambulisho changu akatikisa kichwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60. "Bibi, bado wewe. Rudi baada ya miaka mitatu." Kurudi kwenye foleni ya vijana, nafasi yangu imeshachukuliwa. Kwa hiyo mimi ni bibi wa bure, bibi asiye na dirisha.

Sasa nifike kwenye kiini cha barua. Kwenye kizuizi kimoja njiani, ofisa akapanda kukagua vitambulisho. Changu akakisoma. Cha binti hakuna, maana hajafika 18, nikampa cheti cha kuzaliwa. Akakisoma cheti, akakirudia.

"Bibi, hapa kwenye jina la mama pana jina lako."

"Ndiyo."

"Basi mama yake yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Akatabasamu kwa huruma, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Naelewa, bibi. Unamlea, kwa hiyo wewe ni kama mama. Lakini nahitaji barua ya mama mzazi inayokuruhusu kusafiri naye."

Dereva akapiga honi. Nikachana karatasi kwenye daftari la binti, la hisabati, nikaandika: "Mimi mama mzazi namruhusu mimi bibi kusafiri na mwanangu hadi Ujiji." Nikatia sahihi mara mbili, juu mama, chini bibi. Ofisa akasoma, akaridhika, akapiga namba niliyoandika ili ahakikishe. Simu ikalia mkobani mwangu. Nikasogea hatua tatu, nikampa mgongo, nikapokea.

"Mama wa mtoto? Kuna bibi hapa ana binti yako."

"Namfahamu," nikamwambia. "Ni mwanamke mwaminifu. Mwache aende."

Akatuachia, na akanitakia safari njema. Simu bado iko sikioni mwake.

Usidhani nadharau ukaguzi. Mwaka 1871, hapahapa Unyanyembe, mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimpa msafiri Mzungu, Henry Morton Stanley, zawadi ya mtoto mtumwa. Mtoto aliitwa Ndugu M'Hali, Stanley akaona jina halifai, akaitwa Kalulu. Ujiji alifika kwa miguu. Akafikishwa Zanzibar, Uingereza na Marekani. Aprili 1874 alikuwa London kwenye mazishi ya mmisionari Livingstone, na mwaka 1877 maporomoko ya mto Kongo yakammeza, bado kijana mdogo. Katika safari zote hizo hakuna aliyesimamisha msafara akauliza mama wa mtoto huyu yuko wapi. Nilimsimulia binti habari hiyo tukiwa tumepita Uvinza, akanyamaza kwa kitambo, kisha akasema yule ofisa angekuwepo wakati ule ingekuwa vizuri. Nami nakubali. Swali ni zuri sana. Naomba tu likijibiwa, jibu lisikilizwe.

Hivyo naomba haya. Uchague umri mmoja wa binti yangu, wowote, aishi nao kuanzia dirisha la tiketi hadi kwenye siti. Kama mimi ni bibi, nipewe dirisha. Kama si bibi, watendaji wako waache kunishikia mkono. Na uwaelekeze kwamba mwanamke mwenye mvi aliyeshikana mkono na mtoto wa darasa la saba anaweza kuwa amemzaa.

Desemba tunasafiri tena, na binti atakuwa ametimiza 13. Ukiwa na jibu piga simu. Mama na bibi wote wanapatikana kwa namba ileile.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mama Kitindamimba (sahihi)
Bibi (sahihi)