Boriti Hazirefuki

Aliyejenga nyumba za kale za Lamu hakumfikiria mpiga picha. Upana wa chumba ulipangwa na mkoko: boriti ilale kutoka ukuta hadi ukuta, na boriti haivuki sana mita 3. Basi vyumba vikawa virefu na vyembamba. Mwaka 2001 UNESCO waliuingiza mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mabibi harusi nao wakauingiza kwenye orodha yao ya kumbi. Mimi nimebaki katikati ya hizo mita 3, na lenzi inayodai 5.

“Rudi nyuma kidogo tutoke sote, mwanangu,” huniambia kila shangazi wa bibi harusi. Nyuma kuna ukuta wa matumbawe na chokaa uliosimama pale tangu karne ya 18, na leo hauna nia ya kunipisha.

Nichukue usiku mmoja wa kupamba. Bibi harusi ameketishwa ndani, mbele ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kila kidaka na sahani yake ya kauri. Ukutani hakuna pambo linaloshinda hilo. Nikafyatua. Kila sahani ikanirudishia mwanga wake, bibi harusi akatoka na miezi imemzunguka kichwa. Nikaielekeza taa juu, kama tunavyofanya kwenye kumbi za hoteli zenye dari nyeupe. Boriti za hapa zimekolea weusi. Ziliumeza ule mwanga wote, hazikurudisha hata chembe.

Na hao wageni! Simu zao zimeachwa mlangoni, kwa kuwa sherehe ni ya wanawake na vichwa viko wazi. Chombo cha kupigia picha ni changu peke yangu, kwa hiyo lawama zote pia ni zangu. Nikiinua kamera, shangazi mmoja wa bibi harusi anajiziba uso kwa mkoba wake wa dhahabu: “Mimi usinipige!” Nikiishusha, mkoba unashuka.

Ukapigwa ukunga, bwana harusi anaingia. Kufumba na kufumbua kila mtu kavaa buibui, na chumba ambacho tayari kilikuwa na kiza kikawa cheusi tititi. Nilikuwa bado nahangaika na kamera somo, kungwi wa bibi harusi, aliponishika mkono.

“Wewe mwana wa nani?”

Swali hilo Lamu halijibiwi kwa jina moja. Tulianza kwa baba, tukapanda kwa nyanya, tukazungukia Langoni, hatimaye tukakutana kwa mke wa ami yake aliyeolewa Mkomani. Somo akafurahi, akanikumbatia, kamera na mikanda yake yote. Nyuma ya bega lake nikamwona bwana harusi ameshaweka mkono kwenye paji la mkewe, ameshasoma dua, anatafuta viatu.

“Somo, hawezi kurudia?”

“Dua ishaitikiwa, mwanangu. Piga maua.”

Nikapiga maua. Mambo ya nje sitayasema. Vichochoro ni vya punda, na punda hapishi shela.

Albamu ilipofika, shangazi akanipigia simu kwa uchungu. Mbona yeye hayumo hata mara moja, na ndiye aliyemlea mtoto? Nikamtumia ile aliyojiziba. Akakaa kimya, kisha akaandika: “Mkoba umetoka vizuri. Nisafishie kubwa, na ya fremu.”