Chaga Mbili za Sayansi

Ukisikia mwalimu wa fizikia amewaambia wanafunzi wapange jaribio jepesi "kwa vifaa vinavyopatikana nyumbani", ujue vifaa hivyo ni vyako. Yeye ana maabara. Kitanda chake hakiguswi.

Mtoto wa kaka yangu, tunayekaa naye hapa Dar es Salaam, yuko kidato cha tatu. Alinijia na daftari. "Shikamoo, baba mdogo. Nataka kushindanisha makopo kwenye mteremko." Kopo moja la nyanya lililojaa, na jingine la aina hiyohiyo, tupu. Lipi litatangulia kufika chini, na kwa nini? Swali nililipenda. Mke wangu naye akauliza lake: hilo lililojaa litapikwa lini?

Mteremko unataka ubao. Mbao zilizonyooka kuliko zote nyumbani kwetu ni chaga za kitanda, na kwa kuwa kitanda changu ni tano kwa sita, chaga yake ina kama mita 1.5. Kipimo kizuri kabisa. Ila chaga moja ni nyembamba, makopo mawili hayaenei kwenda sambamba. Zikatoka mbili.

Nilishauri tupime muda kwa simu. Kijana akanipigia hesabu: ukiinua upande mmoja sentimita 15, makopo yatapishana kwa kama theluthi ya sekunde, na kidole changu kitachelewa karibu kiasi hichohicho. (Kidole changu hasa ndicho alichokitaja.) Galileo, aliyechapisha majaribio yake ya mteremko mwaka 1638, alikinga maji yaliyokuwa yakichuruzika, kisha akayapima uzito ili ajue muda. Huku kwetu maji yangepima ratiba ya mgawo tu. Tukaamua makopo yashindane ana kwa ana.

Futikamba tuliazima kwa jirani mshonaji. Mwanzo wake umekatika, inaanzia sentimita ya nne. Mwenyewe ameshaizoea, na wateja wake pia, ukiziangalia suruali zao. Mstari wa kumalizia kijana aliuchora kwa unga wa sembe. Kuku wakaula. Akauchora tena, wakaula tena, mpaka mke wangu akauficha unga.

Dereva wa bodaboda anayeegesha nje alitoa hukumu mapema: lililojaa litashinda kwa sababu ni zito. Likashinda kweli, akashangilia, na hapo sayansi ikapata taabu, maana jibu lilikuwa sahihi na sababu ilikuwa ya uongo. Kijana akaleta kopo kubwa lililojaa, akalishindanisha na dogo lililojaa. Yakafika karibu sawia. Uzito haukusaidia kitu. Nishati tuli ya kopo pale juu, likibingirika, hugawanyika: sehemu hulipeleka mbele, sehemu hulizungusha. Uzito wa kopo tupu uko karibu wote kwenye ganda, mbali na kitovu, kwa hiyo kuzunguka kwake hula fungu kubwa zaidi na mwendo hubaki na kidogo. Dereva alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema yeye bado ameshinda.

Jioni kijana alizirudisha chaga. Alizirudisha kwa maana ya kuzisukumia chini ya kitanda. Nilipojitupa kulala, nishati yangu tuli iligeuka mwendo kwa mkupuo mmoja, godoro na mimi tukasalimiana na sakafu. Mlango ukabishwa taratibu.

"Pole, baba mdogo. Una kilo ngapi?"

Tisini, nikajibu nikiwa palepale. Kimo akakipima asubuhi: sentimita 40. Ikatoka kama jouli 353, akaziandika kwenye ripoti kuwa jaribio la pili.

Ripoti imesharudi. Kwenye vyanzo vya makosa aliandika: futikamba, kuku, baba mdogo. Mwalimu ametia vyema kwenye viwili vya kwanza. Kwenye cha tatu ameandika kwa wino mwekundu: "Fafanua."