Mvua, Korosho na Kitenzi cha Kidato cha Kwanza

Jumatatu

Mvua ya kwanza ya msimu ilinikuta kati ya Nachingwea na shuleni, upande wa Ruangwa. Bodaboda iliteleza ikalala chini, dereva na mimi tukabaki tumesimama kwenye matope. Manila niliyoiandika jana kwa kalamu za rangi ililoa, na sentensi zote za kitenzi "force" zikawa doa moja la bluu.

Kipindi nilikifundisha kwa mdomo. Niliwaambia Kidato cha Kwanza kwamba mtu au jambo likikulazimisha kutenda usichotaka, Waingereza hutumia "force", na baada ya kumtaja anayelazimishwa ni lazima waweke "to" kabla ya kitenzi kinachofuata. Nikawapa mfano wa kitabuni, dhoruba inayomlazimisha rubani kutua. Waliunakili kwa mwandiko mzuri. Nilipouliza nani ana sentensi yake mwenyewe, darasa zima lilitazama madaftari.

Watoto hawa wamesoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili. Januari waliingia sekondari wakakuta baiolojia na jiografia ziko kwa Kiingereza. Kimya chao si uzito wa akili, na mwalimu anayewaita wazito anawaonea. Hawakuwa na la kusema kuhusu rubani.

Jumanne

Mvua ilirudi usiku. Asubuhi madawati ya nyuma yalikuwa matupu. Sababu naijua: ni msimu wa korosho, na zilizoanikwa uani zikilowa zinashuka daraja. Korosho za daraja la pili hazipati bei ya zile za daraja la kwanza, na mkulima ameshatumia nguvu nyingi kupulizia mikorosho salfa. Huku Ruangwa, Nachingwea na Liwale mzigo unakusanywa na vyama vya msingi, unakwenda ghalani, kisha unauzwa mnadani chini ya chama kikuu cha RUNALI. Gunia likikataliwa kwenye mzani kwa unyevu, mahitaji ya shule ya mwaka mzima yanayumba.

Kijana mmoja aliingia katikati ya kipindi, viganja vimebabuka kwa mafuta ya maganda. Nilimuuliza kwa Kiingereza kwa nini amechelewa. Alisimama, akafikiri, akasema: "The rain forced us carry korosho inside."

Niliiandika ubaoni kama alivyoisema. Wenzake waliiona "to" inayokosekana kabla sijauliza. Walisogea mbele kwa wingi kuonyesha mahali pake, benchi la kwanza likavunjika mguu, na waliokuwa juu yake wakaketi sakafuni. Kipindi kiliendelea hivyohivyo. Kila mmoja alikuwa na mvua yake: iliyomlazimisha mama kulala jikoni, iliyowalazimisha abiria wa gari la Noah kushuka na kusukuma. Nilifuta ubao mara nyingi zaidi leo kuliko wiki yote iliyopita.

Alhamisi

Nilikwenda mjini kutoa kopi za zoezi. Umeme ulikatika kazi ikiwa haijakwisha, na uliporudi mashine ikawa inakata upande wa kulia wa ukurasa. Fedha nilikuwa nimeshalipa. Nilirudi na karatasi zenye sentensi zisizo na mwisho, nikazigawa.

Moja ilisomeka kwamba tembo walimlazimisha babu yangu, basi. Tembo wanaotoka upande wa Liwale na kuingia mashambani watoto wanawafahamu vizuri. Mmoja alimalizia kwamba babu alilala juu ya mti. Mwingine, kwamba aliacha kulima mahindi akabaki na ufuta. Msichana aliandika kwamba babu alihamia kwao, na sasa yeye analala chumba kimoja na wadogo zake. Hiyo sentensi haina kosa hata la nukta. Nilimpa alama zote.

Kisha "make" ikatuzuia. Kitenzi hiki nacho ni cha kumfanya mtu atende, ila hakitaki "to": mvua ilinifanya nikimbie ni "made me run". Ukigeuza kuwa kutendwa, "to" inarudi: "I was made to run". Waliniuliza sababu. Niliwaambia huo ndio utaratibu wa Waingereza wenyewe, nasi tunaushika hivyo. Hawakuridhika, na sioni vibaya wasiporidhika.

Ijumaa

Kazi ya nyumbani ilikuwa kumuuliza mzee jambo alilolazimishwa kufanya. Mmoja aliandika kwamba serikali iliwalazimisha bibi na babu yake kuhamia kijijini. Niliwakumbusha kwamba mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na mwisho wa mwaka 1976 ukawekwa kuwa ukomo. Nilidhani tumemaliza.

Saa nne bibi mwenyewe alifika shuleni kwa miguu, daftari la mjukuu mkononi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakataa kiti. Alikuwa amesomewa sentensi ile na kufasiriwa, na hakuikubali. Aliyelazimishwa, alisema, ni mume wake, ambaye hakutaka kuiacha mikorosho aliyoipanda baba yake. Yeye alishawishiwa. Waliokuja kuhamasisha walisema kutakuwa na kisima na zahanati, na alikuwa amechoka kubeba maji. Alitaka daftari liseme hivyo.

Nilimwomba aingie darasani akarudia maneno yake, Kiswahili chake kikichanganyika na Kimwera. Tukaandika sentensi mbili pale ilipokuwa moja: babu na "forced", bibi na "persuaded". Alisomewa zote mbili kwa Kiswahili, akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake.

Nimeifikiria siku nzima. Vitabu vinatufundisha kuchunga umbo la kitenzi. Bibi alikuja kuchunga ukweli wake: nani hasa alilazimishwa, na nani alikubali kwa hiari. Mtoto akiandika "the villagers were forced", sarufi imetimia na mtu mmoja ameshasemewa uongo.

Mwalimu wa historia alilalamika kwamba nimemlia kipindi. Baadaye alikuja darasani kwangu na swali lake mwenyewe, kuhusu wapiganaji wa FRELIMO waliofunzwa hapa Nachingwea, kwenye kambi ya Farm 17, hadi Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Alitaka wanafunzi waeleze nani alimlazimisha nani kuondoka. Tulipitiliza kengele ya chakula, na ugali ukapoa.

Jumamosi

Nimemwendea mwalimu wa taaluma kuhusu mtihani wa kufunga mwaka. Karatasi iliyoandaliwa ni ya kuchagua herufi, na rubani yumo. Nilimwomba sehemu moja wanafunzi watunge sentensi zao, kutokana na mambo waliyoyaona. Alisema haitakuwa na mwongozo wa kusahihishia, kwa kuwa kila jibu litakuwa tofauti. Nilimjibu kwamba ndiyo sababu naitaka, na kwamba nitasahihisha zote mimi mwenyewe.

Amekubali alama ishirini. Karatasi za kudurufu zimekwisha stoo, kwa hiyo swali litaandikwa ubaoni.