Hongera Sitaki, Nisomeeni

Ukitaka Mtanzania akukimbie, huna haja ya kumkopa. Mpe mswada asome. Mimi naandika riwaya ya mapenzi ya vijana, ya wale waliomaliza kidato cha sita wakadhani wamemaliza kila kitu. Baraka na Neema wanakutana Mafinga, kwenye JKT ya mujibu wa sheria. Neema katoka Tanga, baridi ya Iringa mwezi Juni hajawahi kuionja; Baraka anamwazima sweta. Basi, balaa lote linaanzia hapo. Nilipofika katikati ya kitabu nikataka kujua kama sweta hilo linampasha joto mtu mwingine yeyote zaidi yangu.

Nikausambaza mswada kwa WhatsApp. Tiki za bluu zikawaka, na kabla hata faili halijafunguka majibu yakaanza kumiminika. "Hongera sana kaka, Mungu akuinue." Dole gumba. Mmoja akauliza uzinduzi ni lini na kama kutakuwa na chakula. Wala si watu wasiosoma! Ndio hao hao wanaofuatilia zile hadithi za mitandaoni zinazouzwa vipande vipande: ikifika patamu, "itaendelea", tuma buku uingizwe kwenye grupu. Wanatuma. Yangu ya bure wanaiwekea wikendi, na wikendi yenyewe sijaiona kwenye kalenda yoyote.

Nimpe sifa yake mpwa wangu wa kidato cha nne: yeye alisoma yote. Ila shule imemfundisha kusoma kwa njia moja tu, ile ya vitabu vya Takadini na Watoto wa Mama N'tilie. Akaniletea uhakiki uliokamilika, fani huku, maudhui kule. Dhamira: nafasi ya mwanamke katika jamii. Neema, kwa maelezo yake, amechorwa kama chombo cha starehe. Starehe ipi? Msichana kajifunika sweta mpaka masikioni, alfajiri yuko kwenye mchakamchaka! Ujumbe: vijana wazingatie masomo. Jamani, wameshahitimu. Chini kabisa kaandika "Kutofaulu kwa mwandishi", akapiga mstari, akaanza kushusha hoja. Nikamuuliza, mwanangu, pale Baraka anapohamishiwa kikosi kingine bila kuaga, hukuumia hata kidogo? Akanitazama kwa huruma.

"Mjomba, hilo haliulizwi kwenye mtihani."

Jirani yangu ni mzee mstaafu wa jeshi. Yeye aliisoma akiwa amesimama. "Kijana, sweta la kiraia limeingiaje kombania? Na huyo kuruta muda wa kutazama macho ya mwenzake kaupata wapi?" Sura ya pili akaikata yote kwa wino mwekundu, pembeni akapendekeza niweke usafi wa mabweni. Shangazi hakusoma, alisimuliwa tu, akataka kujua kijana ni wa ukoo gani na barua ya posa atapeleka nani. Mke wangu akaurudia ukurasa wa sweta mara mbili. Nikafurahi moyoni, kumbe mwenzangu anakumbuka mengine: "Baba Sada, tulipokwenda Njombe nilitetemeka usiku kucha. Sweta lako lilikuwa wapi?"

Euphrase Kezilahabi alipotoa riwaya yake ya Rosa Mistika mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni. Watu humwonea huruma. Mimi namwonea wivu. Kitabu hakikasirishi watu kiasi kile bila kurasa kufunguliwa. Yangu imemkasirisha mzee mmoja tu, naye ni kwa ajili ya sare.

Ninachotaka ni kidogo sana. Sihitaji kuambiwa kwamba lugha ni fasaha, wala kwamba nina kipaji, wala kwamba nimtafute mtu fulani anayemjua mchapishaji. Nataka kujua msomaji alipochoka. Alipoanza kusoma mstari huku anawaza umeme wa LUKU umebaki uniti ngapi, hapo ndipo pangu pa kurekebisha, na hapo ndipo kila mtu ananificha kwa adabu.

Kwa hiyo wewe unayesoma safu hii, kama una kijana nyumbani wa miaka kumi na saba, kumi na minane hivi, ambaye bado hajafundishwa uhakiki, naomba uniazime. Asiandike chochote. Aweke alama ya kalamu pale alipoiacha hadithi akashika simu. Soda juu yangu, na akitaka chipsi mayai pia tutaongea.